Diski Niliyoifuta Asubuhi

Nimechoka kuwa kabati la ukoo. Harusi ya Usangi, kipaimara cha Gonja, mazishi ya Chome, kila ambaye simu yake imejaa hunirushia picha zake na kusema, "Nitunzie hapo kwako," wala hakuna anayeuliza kama hapo kwangu pana nafasi. Penyewe ni kisanduku cheusi juu ya rafu ya sebuleni, hapa Same, chenye diski mbili zinazotunza vitu vile vile, ili moja ikifa nyingine ibaki. Mwaka jana zilijaa. Nikaagiza mbili kubwa zaidi kutoka Dar es Salaam.

Kazi ya kuzibadilisha si ya akili, ni ya kungoja. Unachomoa diski moja ya zamani, unaweka mpya mahali pake, kisha unaiacha ile ya zamani iliyobaki imnakilie mgeni kila kitu, siku nzima na zaidi. Ikimaliza, unabadilisha ya pili. Sharti ni moja tu: ile uliyoichomoa usiiguse mpaka kazi yote iishe. Nililijua sharti hilo kama ninavyoijua Baba Yetu.

Lakini watani wetu Wachaga husema Mpare akinunua samaki humtundika ukutani, akala ugali kwa kumtazama. Diski nzima ikae bure mezani? Iliniuma. Kwaya ya usharika wetu ilikuwa ikilia haina pa kuhifadhia nyimbo zake. Asubuhi ya siku ya pili, kunakili kukiwa kumefika nusu, nikaifuta safi ile niliyoichomoa, nikawapitishia nikienda kazini. Nilijiona mtu wa maana sana.

Nyumbani nilimwacha mama. Alikuwa ameshuka kutoka Chome kungoja upasuaji wa mtoto wa jicho, na picha za ukoo hazikumfaa tena. Katika kisanduku kile alitaka kitu kimoja tu: sauti ya baba, dakika arobaini nilizomrekodi kabla hajafa, akieleza kwa Chasu, lugha yetu, zamu za maji ya ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba lililo juu ya kijiji chetu. Anakohoa, anabishana na mimi, kisha katikati anaita, "Mke wangu, hiyo chai bado inachumwa?" Mama anasikika kwa mbali akimjibu kwamba ana miguu, aifuate mwenyewe. Kila Jumapili baada ya ibada nilimwekea, na kila mara alicheka pale pale. Simu niliyomrekodia baba iliibwa zamani, na nakala nyingine sikuweka popote.

Mchana ule radi zilipiga. Kwetu milimani radi ikinguruma huchomolewa kila kilichochomekwa ukutani, kisha watu hukaa kimya mbali na madirisha. Mama alipapasa ukuta mzima, akachomoa vyote, na kisanduku kikiwamo. Niliporudi alinipokea kwa fahari.

"Nimekulindia nyumba, mwanangu. Hakuna kilichoungua."

Nikamshukuru.

Nilipowasha kisanduku, ile diski ya zamani iliyobaki ikaanza kugonga, ikagonga weee, ikanyamaza. Ile mpya ilikuwa na vipande visivyosomeka. Nikakimbilia kwa wanakwaya. Walikwisha kuijaza nyimbo zao. Fundi wa kompyuta wa mjini akaiweka ile iliyokufa sikioni, akatikisa kichwa. "Hii imekwenda, kaka. Pole sana." Picha nyingi zilirudi baadaye, maana watu walikuwa nazo kwenye magrupu yao. Sauti ya baba hakuwa nayo mtu yeyote.

Jumapili tatu mama aliniuliza, na Jumapili tatu nilimdanganya kwamba mashine bado inanakili. Uongo ule ulinichosha kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Jumapili ya nne nikaketi karibu naye, nikamwambia sauti imepotea, diski ilikuwa imezeeka.

"Yaliyozeeka ni macho yangu, masikio bado," alisema. "Siku ile ulipoiwasha niliisikia inagonga, halafu nikakusikia wewe unakaa chini sakafuni. Nilijua nimeharibu."

"Sasa mbona ulikuwa unaniuliza, mama?"

"Nilikuwa nangoja unigombeze. Ungenigombeza ningelia, yakaisha. Wewe umeniacha nalibeba jambo hili peke yangu wiki zote hizi."

Ndipo nikamweleza habari ya diski ya kwaya, jinsi nilivyoifuta kwa mkono wangu mwenyewe ili isikae bure.

"Kumbe tuko wawili," akasema, akapapasa mpaka akaupata mkono wangu.

Tulilia sana, mama na mimi, mchana kweupe, mlango ukiwa wazi. Siku ya mazishi ya baba sikulia. Nilikuwa nimeshika simu, nawarekodia ukoo video.