Uji wa Kabla ya Kisu

Futi ya fundi cherehani ina inchi sitini. Nimeivaa shingoni miaka ishirini, na katika miaka hiyo nimewapima maharusi, wachungaji, na marehemu mmoja ambaye familia ilitaka azikwe na suti. Siku niliyotoka kwa daktari nilifunga mlango wa kibanda changu pale Manyoni, nikajizungushia futi hiyo tumboni. Ncha zake hazikukutana. Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikacheka peke yangu, kicheko kibaya, kisha nikaikunja futi na kuitia kwenye droo.

Nilikuwa nimekubali kupasuliwa ili nipunguzwe mfuko wa chakula. Sukari ilikuwa haishikiki, presha vilevile, na magoti yalikuwa yameshakataa cherehani ya kukanyaga. Daktari wa Dodoma alinichorea kwenye karatasi: sehemu kubwa ya mfuko itakatwa na kutolewa, nitabaki na kipande chembamba chenye umbo la ndizi. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na kazi ya ini. Ini langu lilikuwa limejaa mafuta, likalala juu ya tumbo kama kuku anayelalia mayai, na kisu kisingepata njia. Ili lisinyae, wiki mbili nzima nisile kitu cha kutafuna: uji mwepesi uliochujwa, mtindi usio na mafuta, supu iliyoenguliwa mafuta, na maji.

“Ini lisipopungua, hatufanyi,” alisema.

Watu hudhani mtu wa kupasuliwa anaogopa kisu. Mimi naishi kwa mkasi, kisu hakinitishi sana. Nilichoogopa ni nusu kaputi. Kulazwa usingizi na mtu nisiyemjua, halafu nimwachie yeye kazi ya kuniamsha. Wazo hilo lilikuwa linanijia asubuhi nikipiga mswaki, na mkono ulikuwa unasimama mdomoni.

Njia yangu ya kupambana na hofu ilikuwa kumaliza nguo za watu. Fundi akifa na kitambaa chako, huwezi kwenda kukidai msibani. Unakaa kimya mpaka arobaini, na hata hapo unaona aibu. Sikutaka kumwachia mtu mzigo huo. Nilishona sare, magauni, mapazia yaliyokuwa yamelala tangu Pasaka, na kazi mpya nikakataa. Mama mmoja anayeuza vitunguu jirani yangu akaniuliza kama nahama. Nikamwambia nakwenda semina. Akanitazama. “Semina ya mafundi cherehani?” Nikajifanya natafuta sindano.

Nilificha kwa sababu nawajua watu wetu. Mwanamke mnene husemwa ametunzwa. Ukikonda, hawakuulizi wewe, wanaulizana wao.

Niliyemwambia ni mama yangu peke yake. Alikuja kutoka kijijini kwetu upande wa Ikungi, amebeba jogoo aliyefungwa miguu, karanga kwenye kiroba, na chupa ya asali.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Huyu ni wa kukutia nguvu kabla hawajakukata.”

Nikamweleza habari ya ini na wiki mbili. Alisikiliza huku anamtazama jogoo. Kwetu mtu anayekwenda kupasuliwa hulishwa: supu ya kuku, maini, juisi ya rozela ya kuongeza damu. Hakuna aliyewahi kusikia mgonjwa anayeandaliwa kwa njaa.

“Yaani unakwenda kukatwa, halafu unafunga?”

“Ndivyo walivyosema, mama.”

“Haya. Uji nitapika mimi.”

Nilifurahi. Siku tatu za kwanza kichwa kiliniuma na nikawa mkali kuliko kawaida yangu, na kawaida yangu si ndogo. Nilimgombeza mteja kwa zipu aliyoichagua mwenyewe. Asubuhi nilitembea kidogo kandokando ya reli, navuta pumzi na kuitoa polepole kama nilivyoagizwa ili mapafu yafunguke. Nilikuwa nahesabu pumzi mpaka kumi kisha naanza upya. Ikisaidia, ilisaidia mpaka nyumbani tu.

Siku ya nne uji ulibadilika. Ulikuwa na uzito fulani, ukiteremka unakaa. Ladha yake haikuwa ya ndimu tu aliyozoea kuikamulia.

“Mama, umetia nini?”

“Tangawizi.”

Nikanywa vikombe viwili. Kichwa kikapoa, hasira zikapungua, na nikaanza kusema kwamba mwili umezoea. Nikanywa hivyo mpaka siku ya kurudi Dodoma.

Kule mtaalamu wa lishe alikuwa binti ambaye ningeweza kumzaa. Aliniamkia vizuri, akanipandisha kwenye mizani, akaniomba nishuke, nipande tena. Nilikuwa nimeongezeka kilo mbili. Kipimo cha ini kikaonyesha limekaa palepale. Daktari alivuta kiti akakaa mbele yangu.

“Mama, ulikula?”

“Sijatafuna kitu.”

“Sikulaumu. Lakini leo hatuwezi. Tupange tena baada ya mwezi.”

Ningetaka kuandika kwamba niliona aibu. Aibu ilikuja baadaye. Kilichotangulia ni nafuu, tena kubwa. Nilipanda basi nikasinzia hadi Manyoni.

Nilipofika nyumbani jua lilikuwa bado kali. Mama alikuwa jikoni, sufuria iko motoni, na pembeni kuna bakuli la karanga za kusaga, chupa ya asali na kopo la samli. Hakufunika kitu. Nikapaza sauti. Nilimwambia amenipotezea nafasi, amenifanya mwongo mbele ya madaktari, nikamuuliza kama anataka kuniua. Nilisikia redio ya jirani inapunguzwa ili nisikike vizuri.

Mama alingoja nimalize, kama mtu anavyongoja mvua ikatike. Kisha akaongea Kinyaturu, lugha anayoitumia akiwa hana nguvu ya kuchagua maneno.

“Dada yako nilimbeba mimi.”

Dada yangu mkubwa alikufa nikiwa kidato cha pili, shule ya bweni. Ilikuwa ile miaka ambayo ugonjwa ule ulikuwa hauna dawa huku kwetu. Niliitwa siku ya mazishi, nikakuta jeneza limeshafungwa. Kwangu dada alibaki vilevile nilivyomwacha, mwanamke mwenye mashavu anayecheka kwa sauti.

“Kila asubuhi nilimtoa nje aote jua,” mama alisema. “Mwanzoni tulisaidiana na baba yako. Baadaye nikambeba peke yangu. Mwishoni nilimbeba kwa mkono mmoja, mkono mwingine nimeshika mkeka. Mtu mzima. Mikono hii ilikuwa inajua kila siku amebaki kiasi gani. Leo unaniambia mikono hiihii ikukondeshe wewe.”

Nilikumbuka likizo baada ya msiba ule: bakuli langu likijazwa kwanza, nyama ya baba ikihamia kwangu, na mama akisimama mpaka nimalize. Nilidhani ni mapenzi ya kawaida ya mama. Nilinenepa mbele ya macho yake, na yeye akapata usingizi.

Nikakaa chini sakafuni, jambo ambalo nilikuwa silifanyi, maana kuinuka ni shughuli.

“Mama, nilijua.”

“Ulijua nini?”

“Karanga. Tangu siku ile uji ulipobadilika. Ulimi wangu si wa mtoto. Nilinywa kwa sababu naogopa. Nikaona afadhali wanikatae wao kuliko nikatae mimi.”

Alikoroga sufuria mara moja, akaacha mwiko.

“Kwa hiyo umenigombeza bure.”

“Nimekugombeza bure.”

“Tena majirani wanasikiliza.”

Nikamwomba radhi. Halafu nikamwambia nililokuwa sijamwambia mtu. Alikuwa anaamini nachelewa kulala kwa sababu ya kazi, kwa kuwa akiamka ananikuta kwenye kiti. Nikamwambia nalala kwenye kiti hicho. Nikilala chali pumzi inakatika, nashtuka nikiwa natafuta hewa. Nikamwambia kukonda kwa dada kulikuwa kwa ugonjwa uliomla, na kwamba mimi unene huu ndio unaonila, taratibu, na siku moja asubuhi atanikuta kwenye kiti na nisiitike. Niliona maneno hayo yanamwingia. Nilijuta kuyasema na sikuyarudisha.

Akainuka, akaipua sufuria, akaumwaga uji wote nje. Kisha akanipa mikono miwili nishike ili nisimame, na ilituchukua muda.

Awamu ya pili mama alikuwa mlinzi mkali kuliko binti wa lishe. Karanga zilikwenda kwa mama wa vitunguu, na jogoo pia. Alinitaka nimshonee chujio la kitambaa chepesi, akawa anachuja uji mara mbili, halafu anauinua kwenye mwanga auangalie. Hakutafuna kitu mbele yangu. Alikunywa uji uleule, kikombe kwa kikombe, na nilipomkataza akajifanya hasikii. Kila jioni alizungusha kidole gumba na cha shahada kwenye kifundo cha mkono wangu, anapima. Nilikuwa naona uso wake kila vidole vilipokaribiana, na nilijua nini tunafanyiana. Mimi hofu yangu ilikuwa mbele, siku moja yenye tarehe. Yake ilikuwa inakuja kila jioni, na alikuwa anaishika kwa mkono wake mwenyewe.

Tuliporudi Dodoma mizani ilikuwa imeshuka na ini lilikuwa limesinyaa. Safari hii sikusikia nafuu.

Asubuhi ya upasuaji walinipa gauni la kijani lililo wazi mgongoni, mshono mbovu, nyuzi zinaning’inia. Daktari wa usingizi akaja kuniuliza habari za meno na pumzi. Nikamwambia kabla hajamaliza.

“Daktari, naogopa hutaniamsha.”

Aliweka kalamu chini. “Wengine wote watakuwa wanaangalia tumbo. Mimi nitakaa kichwani kwako mwanzo mpaka mwisho. Siendi popote.”

Hofu haikuondoka. Ila sasa nilimjua mtu ninayemwachia kazi hiyo, na alikuwa na uso uliochoka wa mtu wa kawaida. Nikamwambia, “Haya.”

Walinisukuma hadi kwenye mlango ambao ndugu hawaruhusiwi kuuvuka. Mama alikuwa ametembea kando ya kitanda njia nzima, mkono wake kwenye kifundo changu. Tangu siku ya kwanza aliponisindikiza shule ya bweni, mama huniaga kwa maneno yaleyale, hayabadiliki, awe kwenye kituo cha basi au kwenye simu: nenda salama, urudi umenenepa. Nikayaona yanamjia mdomoni. Akafumba mdomo. Mimi nikataka kumwambia asiseme kitu, tutaonana tu.

“Nenda salama, mwanangu,” alisema. “Urudi umekonda.”

Nesi aliyekuwa anasukuma kitanda alicheka, akidhani bibi anatania.