Kompyuta ya Muqaddas na Kware wa Baba Mkwe

Muqaddas aliletwa kichochoroni kwetu na masanduku mawili, cherehani moja na mdomo uliofungwa. Kwao, kwenye mashamba ya pamba, walimlea vizuri kupita kiasi: mkaza mwana haulizi, habishi, hagusi kilichowekwa na mkubwa. Alfajiri tulisikia fagio lake nje ya lango kabla hata jogoo hajajinyoosha. Miezi minne baada ya harusi mumewe, Ulmas, akapata mkataba wa kiwanda huko Korea. Akaondoka. Muqaddas akabaki na baba mkwe wake, Tolib, mjane, dereva wa tramu aliyestaafu, mtu wa maneno saba kwa siku, mawili kati ya hayo ni "chai ipo?"

Mimi Hosiyat naoka mikate nyumba ya pili. Ukuta wa tanuri langu ndio ukuta wa ua wao. Sisikilizi mambo ya watu. Ni masikio tu yamezoea kukaa karibu na ukuta.

Ulmas alikuwa ameacha kompyuta yake kuukuu, na kwa kompyuta hiyo mke na mume walikuwa wanakutana. Watu wengine wakiwa mbali hutumiana picha. Hawa walikuwa wanajenga nyumba. Ilikuwa ndani ya gemu, kwenye bonde la theluji, kando ya ziwa. Gogo kwa gogo waliisimamisha, wakaweka bomba la moshi, wakapanda mstari wa miche ya aprikoti ambayo kwa baridi ile isingeota popote duniani, lakini kule iliota. Ulmas alipopangiwa zamu ya usiku, saa yao ya kukutana ikawa alfajiri yetu: yeye ametoka kazini, kule Korea jua limeshapanda, na Muqaddas hajaanza kufagia.

Niliwaona mara moja nilipopeleka mkate. Mtu wa Muqaddas kwenye kioo alivaa joho jekundu. Mtu wa Ulmas alikuwa kichwa wazi, theluji inamtua kwenye nywele. Wanapasua kuni.

"Umekula?" sauti ya Ulmas kwenye visikizi vya masikioni mwake, ndogo kama ya mtu aliye ndani ya gunia la unga.

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula."

Basi. Kisha wakaenda kukaa ukingoni mwa ziwa, bega kwa bega, wakitazama jua la uongo likipanda juu ya maji ya uongo. Nilitaka kucheka. Nikajikuta nimesimama pale na mkate kifuani mpaka ukapoa.

Tatizo lilikuwa mashine yenyewe. Iliguruma kama kinu cha kukoboa mpunga. Na nje ya dirisha la chumba kile, kwenye boriti ya baraza chini ya mforosadi, Tolib alitundika kibuyu kilichokuwa kizimba cha kware wake.

Sasa kware yule hakuwa ndege wa kawaida. Ulmas alimnasa mwenyewe kwenye shamba la majani ya ng'ombe wiki moja kabla ya kuondoka, akamwachia baba yake. Masika iliyopita aliimba kila alfajiri, pitpilik, pitpilik, na Tolib alikaa kwenye kitanda cha uani na chai yake, macho yamefumba, kama mtu anayesomewa barua. Masika hii mashine ikiguruma kila alfajiri, kware akajikunyata kimya. Kumhamisha haiwezekani. Kware akihamishwa msimu wa kuimba hunyamaza mpaka mwakani, hilo hata mtoto wa kichochoroni analijua. Na waya wa intaneti ulifika chumba kile kimoja tu.

Siku moja Tolib akatumia maneno yake yote ya wiki.

"Mkaza mwana, forosadi zinaiva. Zikiisha mtini na huyu hajaimba, mashine nampa mpwa wangu wa kule mjini Chirchiq."

"Sawa, baba," akasema Muqaddas.

Sawa, baba! Mimi ningeweka mikono kiunoni. Yeye akaja kwangu, akasimama mlangoni, uso umempauka kama unga.

"Shangazi, nisindikize soko la kompyuta. Nina pesa zangu za kushona magodoro ya harusi."

"Kununua nini?"

"Ukimya."

Soko lile lina ghorofa tatu na kila muuzaji anapiga muziki wake. Wa kwanza alituonyesha sanduku la kioo lenye feni sita, zinawaka zambarau na kijani kama taa za ukumbi wa harusi.

"Ina sauti gani?" Muqaddas akauliza.

"Ya spika, dada? Kali sana, majirani watahama."

Tukamwacha. Kwenye kona ya ghorofa ya juu tukamkuta Slava Ogay, Mkorea wa hapahapa, miwani imekaa kwenye kipara. Aliposikia mume yuko wapi akatikisa kichwa.

"Babu zangu waliletwa huku kwa treni, hawakuulizwa. Mumeo amekwenda kule kwa ndege. Akiona kijiji chetu cha kule asalimie. Haya, mnacheza nini? Vita? Magari?"

"Tunapasua kuni," akasema Muqaddas.

Slava akashusha miwani puani, akamtazama vizuri. Kisha akaanza kutoa vitu rafuni, kimoja kimoja, kama anayetandika meza ya mgeni anayemheshimu.

"Kelele ni joto, dada. Kinachochemka sana hupepewa sana. Hii kadi ya gemu si ya mabingwa, lakini kwa kuni zenu inatosha na kubaki. Ikiwa haina kazi feni zake husimama kabisa. Mkianza kupasua, zinaamka polepole."

"Kali zaidi huna?" nikauliza. Sipendi kuuziwa cha pili.

"Ninayo, mama. Inakula umeme kama pasi. Unataka nikuuzie pasi?"

Nikaisogeza kadi ile upande wa Muqaddas.

Akaweka mezani chuma cha kupozea prosesa, ule ubongo wa mashine, kipana kama tofali, na feni kubwa ya kukifunga ubavuni. "Feni ndogo lazima ikimbie ndipo itoe upepo. Hii inatembea tu."

"Kama gurudumu la cherehani," Muqaddas akasema. "Kubwa likizunguka pole, sindano haipigi kelele."

"Umeshaelewa, sasa nitauza nini mimi?" Akatoa pawa saplai, kisanduku cha kuilisha mashine umeme, kubwa kuliko mahitaji yetu. "Punda mkubwa, mzigo mdogo, hahemi. Na diski achana na hizi za kuzunguka, zinakwaruza kama panya darini. Chukua hii, haina kinachosogea ndani."

"Na iweze kuonyesha filamu kwenye televisheni ya baba," Muqaddas akasema kwa sauti ya chini.

"Itaonyesha."

Mwisho wakafika kwenye kesi, sanduku la kuvifungia vyote hivyo. Muqaddas aliipita yenye kioo, akachagua nyeusi isiyo na urembo wowote, mlango wake umewekwa sponji kwa ndani. Akaibonyeza kwa vidole kama anapima pamba ya godoro. Slava akaunganisha kila kitu palepale, saa nzima, akaiwasha. Lakini utasikiaje ukimya kwenye soko kama lile? Kushoto wanapiga ngoma, kulia wanagombana.

Muqaddas akaniomba chupa ya chai niliyokuwa nimebeba. Akajaza kibakuli, akakiweka juu ya kompyuta ya taa-taa iliyowashwa kwa muuzaji jirani wa Slava. Chai ikafanya miduara, miduara, haitulii. Akakihamishia juu ya kesi nyeusi. Chai ikalala. Uliweza kuona taa ya dari ndani yake, nzima, haikatiki.

Slava akainama mpaka pua ikakaribia chai. "Miaka kumi na tano nauza hizi. Sijaona kipimo hiki."

"Hamnywi chai huku?" nikamwuliza.

Tukairudisha kwa teksi, mapajani mwa Muqaddas, imefungwa kwa kilemba kama mtoto mchanga.

Siku tatu za kwanza zilikuwa kama ndoto. Alfajiri nilichomoa mikate huku nikitega sikio, nikasikia forosadi zinadondoka uani kwao, tap, tap, na nyuma yake hakuna kitu. Siku ya pili kware alikwaruza koo. Siku ya tatu alitoa nusu ya mlio akaikata, kama mtu aliyeanza hadithi akaona aibu. Kioo cha Muqaddas kilimulika dirisha kwa buluu ya theluji, na juu ya paa mbingu yetu nayo ilikuwa buluu ileile, hata usingejua ipi ni ya wapi.

Siku ya nne mashine ikaanza kuhema. Ya tano ikavuma. Kware akajikunyata. Mtini zilibaki forosadi za matawi ya juu tu, ambazo hata shomoro wanazifikia kwa shida.

Nilijifunga kilemba niende nikamwonyeshe Slava Ogay kwao ni wapi. Lakini kwanza nikapita kwa Muqaddas kuchukua risiti. Kulikuwa kunapambazuka. Alikaa mbele ya kioo, machozi yanamshuka bila sauti, mtu wake mwekundu amesimama peke yake uani pa nyumba ya magogo, mtu wa Ulmas anamwita. Na kompyuta ilikuwa imefunikwa. Kitambaa kinene cha pamba, kilichotiwa nakshi, kimefika mpaka sakafuni, kimebanwa vizuri kila pembe. Nikaweka mkono. Moto kama mkate.

"Nani kaifunika hii?"

 Muqaddas akatazama mlango. Tolib alisimama pale na kibakuli chake.

"Mimi," akasema. "Ndege akifunikwa hutulia. Nikasema nayo itulie."

Kumbe mzee naye alikuwa anasaidia. Alikuwa ametoa kitambaa kwenye sanduku la marehemu mkewe, akaifunika mashine kwa upendo kama anavyofunika kibuyu, na ilipozidi kuvuma akazidi kuifunika. Na huyu binti, aliyejua kupima feni kwa chai, alijua tangu siku ilipofunikwa kinachoisonga. Lakini kukiondoa kilichowekwa na baba mkwe? Afadhali mashine iende Chirchiq.

"Kaka Tolib," nikasema, "kwenye joto la mwezi wa sita nikikufunika godoro mpaka visigino, utaimba?"

Akaingia. Akatazama kitambaa, akamtazama Muqaddas.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Akuambie kwa mdomo upi?" nikasema. "Si mlimsifu hana?"

Tolib alinipa kibakuli, apate mikono yote miwili, akakivuta kitambaa taratibu, akakikunja mara nne, nami nikakiweka kibakuli juu ya kesi. Chai ikatetemeka sana, kisha kidogo. Kisha kidogo zaidi. Sote watatu tuliitazama. Ilichukua muda, joto halitoki kwa amri. Mwisho ikalala, na dirisha likaonekana ndani yake, na mforosadi ndani ya dirisha.

 Nje forosadi moja ikadondoka.

Pitpilik.

Sikusogeza hata kidole. Pitpilik, pitpilik. Mlio mzima, wa masika iliyopita, kama hakuna kilichotokea katikati.

Mtu wa Ulmas kwenye theluji akaacha kutembea.

"Muqaddas," sauti ikasema kwenye visikizi, "hicho ni nini?"

Muqaddas alivua visikizi. Kwa mara ya kwanza tangu aje kichochoroni kwetu alifanya jambo mbele ya baba mkwe bila kuambiwa: alichomoa waya wa visikizi, sauti ya Ulmas ikajaa chumbani, kisha akavuta kiti chake na kumpisha mzee.

"Huyo ndiye yule wa kwangu? Baba, bado anaimba?"

Tolib alikaa. Alitazama kioo kwa muda mrefu, bonde, ziwa, mstari wa aprikoti, joho jekundu. Kware aliimba nyuma yake na hakugeuka.

"Yule aliyesimama kichwa wazi kwenye theluji ndiye wewe?"

"Ndiye mimi, baba."

"Mkaza mwana," akasema Tolib, "hakuna kofia huko? Mtafutie kofia huyu mtoto. Kisha unionyeshe hiyo nyumba mlango wake uko wapi."