Mama Alipopiga Hodi Kwenye Theluji

Siku yangu ya kwanza kazini, msimamizi alinitazama miguu kabla ya uso. Nilikuwa na soksi za pamba, mpya kabisa, nikijiona nimejipanga. "Vua hizo," akasema. "Pamba ikilowa jasho inakugandisha. Anza na sufu, kisha nguo nzito, halafu koti la kuzuia upepo." Ndivyo mimi, binti wa Kaloleni, Nairobi, nilivyoanza kutembeza wageni katika mji mdogo kaskazini kabisa mwa Norwe, ambako msimu wa baridi saa sita mchana bado ni giza.

Sasa nimerudi nyumbani bibi kizee, na vijana wa hapa mtaani hawachoki kuniuliza, "Shosho, mtu akienda huko afanye nini?" Mambo yapo, wacha! Utapanda sledi, kigari kisicho na magurudumu kinachovutwa na mbwa, na ole wako uachilie breki kabla hujashika vizuri. Utatoboa barafu ya ziwa uvue samaki. Utatazama zile taa za kijani zikicheza angani, na tafadhali zima simu, mwangaza wake unakuharibia macho. Wageni wengi walilia wakiziona. Nami nililia nao; sikuwahi kuzizoea.

Kisha mama akaja kunitembelea. Nilimpangia yote hayo. Aliziangalia taa, akasema, "Mungu ni fundi," halafu akaniuliza, "Jirani yako anaitwa nani?"

Sikujua. Nilikuwa nimekaa pale miaka na miaka.

"Sasa ukiugua humu ndani, nani atakugongea?"

Nikamweleza kwamba huko watu hawaingiliani hivyo, ni lazima upige simu kwanza.

"Simu! Haki mtoto wangu, utakufa humu na simu iko mezani."

Asubuhi mbwa walikuwa tayari, mama akakataa kwenda. Alikanda unga, akapika chapati, akazifunga kwa kitambaa, akavuka barabara ya theluji na mabuti yangu makubwa. Kengele ilikuwepo mlangoni, hakuigusa. "Hodi! Hodi hapa!" Aibu niliyoona, jamani! Akafungua mzee mmoja, Nils, aliyefiwa na mkewe. Lugha ya pamoja hawakuwa nayo, ila walikunywa chai mpaka birika likakauka, mama akimfundisha "hodi" na "karibu," naye akirudia kama mtoto wa chekechea.

Wakati wa kuagana mama alinishika mashavu. "Tangu uondoke nyumbani sijalala vizuri," akasema. "Sasa nitalala."

Alifariki kabla sijarudi nyumbani. Uchungu huo bado ninao.

Msimu wangu wa mwisho kazini, homa ya mapafu iliniangusha. Nililala sebuleni, simu imezima, nguvu za kuinuka sina. Nikasikia mlango ukigongwa, na sauti nzito ya kizee: "Hodi! Hodi hapa!" Vilevile kama mama, hata alivyokuwa akilivuta lile neno la mwisho. Nililia kwanza, ndipo nikaweza kuitikia karibu. Nils aliingia, akaniitia daktari, akakaa nami mpaka gari la wagonjwa likafika.

Nilipopata nafuu nilistaafu. Msimamizi alinipa kofia ya sufu, nami nikawaaga mbwa mmoja mmoja. Siku hizi niko Kaloleni, mlango wazi kutwa nzima.

Juzi Nils kanipigia. Anakuja kunitembelea, anataka kujua mgeni Nairobi afanye nini. Nikamwambia atafute kwanza mlango wangu, na anajua cha kusema akifika. Unga wa chapati nimeshanunua.