Tulivyoshuka Mlima wa Nyanungu

Kabla sijasema lolote, mtu wa mbali aelewe kwamba mimi ni wa nne. Asipoelewa hilo ataniuliza kwa nini sikufanya hivi, kwa nini sikusema vile, na atakuwa na haki ya kuuliza.

Tulitahiriwa wanne wa ukoo wetu asubuhi moja, nikiwa na miaka kumi na tano. Kisu kilianza kwa yule ambaye leo ana bucha mjini Tarime. Akafuata ambaye sasa anauza saruji na mabati. Wa tatu ndiye dereva wa gari aina ya Noah. Mimi nikamalizia. Kwetu mpangilio huo haufi. Tukienda msibani tunaingia kwa mpangilio huo. Tukinywa, wa kwanza ndiye anayeanza. Tukisema mbele ya watu, wa kwanza anasema, sisi tunaongezea. Kumpita aliyekutangulia, hata njiani tu, ni kumvua nguo, na unaweza kusemwa mwaka mzima kwa hilo. Sikuwa naona ubaya wake. Mtu kama mimi, niliyeishia darasa la tano, nilipenda kujua mahali pangu bila kuuliza.

Daktari hakuwa na namba. Kwanza hakuwa hata daktari, alikuwa nesi wa kiume, kijana wa miaka thelathini na kitu, serikali ilimleta kutoka Masasi. Huku kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni daktari. Mimi naendesha mashine ya kusaga pale Nyamisangura. Siku ya kwanza alikuja na ndoo ya makopa ya muhogo, akataka nisafishe mashine kwanza, unga wake usiguse wimbi, ulezi wa watu wa huku.

"Wimbi limekukosea nini?" nikamuuliza.

"Halijanikosea kaka. Ila nikila ule ugali wenu mweusi naona kama nakula kiwanja."

Nikafungua mashine nikaifuta huku nacheka. Tangu siku hiyo akawa anakuja hata akiwa hana cha kusaga. Anakaa juu ya gunia, anangoja umeme ukatike tuongee. Mke wangu alishafariki, watoto wanakaa kwa wajomba zao, kijiji cha Mbalibali. Wenzangu wale watatu walikuwa watu wa Jumapili na misiba. Yeye alikuwa wa kila siku. Sasa unaelewa kwa nini nilimwalika. Ndiyo, ni mimi niliyemwalika, naliandika hilo mapema asije mtu akasema nimelificha.

Shauri la mlima lilitoka kwa mwenye bucha. Aliona kwenye simu picha za watu wa Dar wamesimama juu ya mlima wamenyoosha mikono. Akasema wale wanalipa fedha kupanda, sisi tumezaliwa milimani na mara ya mwisho kupanda tulikuwa tunafuata mikia ya ng'ombe. Twende Nyanungu, upande wa mpakani, tupande ule mlima tuliochunga utotoni, tupige picha kabla magoti hayajakataa.

Ya kwake yalikuwa yameshakataa, lakini nani wa kumwambia.

Tuliondoka na Noah asubuhi. Mwenye bucha alivaa viatu vyake vya kanisani, vya soli laini. Wa saruji alivaa kandambili. Mimi na dereva tulikuwa na katambuga za tairi. Daktari peke yake alikuwa na raba za kufunga kamba, nyeupe, kazifua. Hakuna aliyebeba sweta. Tulikuwa na paja la mbuzi lililochomwa na kreti la soda, na kreti lilibaki kwenye gari kwa sababu kila mtu alilitazama akageuka pembeni.

"Na maji?" daktari akauliza.

"Juu kuna chemchemi," akasema mwenye bucha.

"Uliiona lini?"

"Daktari, wewe ni mgeni. Chemchemi haina miguu."

Kweli haikuwa na miguu. Tuliikuta palepale, ila ng'ombe wameikanyaga mpaka imekuwa tope la kufinyangia vyungu. Ilikuwa saa sita, tumeshakula nyama ya chumvi, ndimi zimekauka. Wa saruji alichota kwa kiganja akaonja. Tukamwangalia. Akatema, akasema hana kiu sana.

Tulipanda kwa mstari. Mwenye bucha mbele na tumbo lake, kila hatua thelathini anasimama, anashika kiuno, anajifanya anatazama mandhari. Akisimama na sisi tunasimama. Daktari hakuyajua mambo yetu. Mara moja akampita, akaparamia jiwe, akakaa juu yake anatungoja anacheka.

"Daktari, shuka," dereva akamwita. "Huyo uliyempita ni baba yako."

"Baba yangu angeshafika."

Alidhani ni utani. Wenzangu hawakucheka. Nikamfuata kwa macho, nikamwambia polepole, njoo kaa nyuma yangu, ndivyo tulivyo sisi. Akashuka, akasimama nyuma yangu. Nilimweka pale mimi, kwa mdomo wangu.

Kileleni tulipiga picha. Upande mmoja Kenya, upande mwingine mashamba na mto Mara mbali kule chini. Picha ninayo. Tumesimama wanne, wa kwanza mpaka wa nne. Daktari hayumo kwa sababu ndiye aliyeshika simu.

Saa nane wingu likaja kutoka upande wa ziwa. Mtu wa Tarime akiliona wingu lile anajua, anaanua nguo. Kulikuwa na njia mbili za kushuka. Moja ni ya ng'ombe, inazunguka, ni ndefu lakini ni udongo na majani. Nyingine inashuka moja kwa moja kwenye mawe ya kijito. Mimi ndiye niliyechunga pale miaka mingi kuliko wote, nilichungia mjomba wangu baada ya wenzangu kwenda sekondari. Nikasema: "Ile ya mawe ikinyesha ni sabuni. Tuzunguke."

Mwenye bucha hakugeuka. Alimuuliza wa saruji, kama vile mimi siko: "Wa nne ameanza kuongoza lini?"

"Labda amepewa barua," akasema wa saruji.

Wakacheka. Na mimi nikacheka, hilo ndilo linaloniuma. Tukashika njia ya mawe.

Mvua ilitukuta kabla ya robo ya njia. Kwanza matone makubwa, halafu mvua ya mawe, halafu ukungu ukafunga. Mwenye bucha, aliyepanda kama mgonjwa, sasa alikuwa anakimbia. Woga ulimpa miguu. Tukamfuata, kila mmoja anatazama mgongo wa aliye mbele yake. Mimi nilikuwa natazama shati la dereva, la njano, nikijua nikilipoteza nimepotea.

Nikasikia nyuma: "Kaka!"

Nikapaza sauti mbele, "Simameni, daktari amebaki." Dereva alinisikia. Naapa alinisikia, maana aligeuza shingo akajibu: "Mwambie aongeze mguu, mura." Akaendelea. Na mimi nikaendelea.

Akaita tena. "Kaka, ngoja!" Safari hii nilisimama. Nilishika kichaka kwa mkono mmoja, natazama shati la njano linavyofifia. Nilifikiri, nikibaki hapa nitakuwa peke yangu na mgeni katika ukungu huu, na wenzangu wataniuliza kwa nini nilivunja mstari. Hilo lilinipitia kichwani kweli, mvua ya mawe ikinipiga. Nikaachia kichaka nikawakimbilia. Hatua hamsini, labda sitini.

Mara ya tatu hakutamka neno. Ilikuwa sauti tu. Ndipo nikarudi.

Nilimkuta chini ya jiwe kubwa, kwenye maji ya kijito, mguu umekaa vibaya. Alikuwa na akili zake zote.

"Ni paja," akasema. "Damu inavujia ndani. Usinivute, sikiliza. Tafuta fimbo mbili, moja ifike mpaka kwapani."

Nilitafuta. Nikavua shati nikalichana, nikatoa na mkanda. Alinielekeza wapi pa kufunga, juu, chini, katikati pasiguswe. Nikakaza mafundo mawilimawili.

"Unanifunga kama gunia."

"Ndiyo kazi ninayoijua."

Akacheka kidogo, akafumba macho, akafumbua. Nikamtoa majini kwa shida, nikakaa nyuma yake, mgongo wake kwenye kifua changu, kumpa joto. Sikuwa na joto lenyewe.

"Wenzako wamesimama?" akauliza.

"Wamekwenda kuita watu na machela."

"Vizuri."

Mimi sikujua walikokwenda. Nilijisemea tu.

Aliongea kama saa mbili. Aliongea habari za kawaida: dada yake anayeolewa, kiwanja alichotaka kununua Masasi, mgonjwa mmoja mzee ambaye asipoonekana Jumatatu afuatwe nyumbani. Mama yake alimtaja mara nyingi. Alisema aambiwe hakulala na njaa huku. Halafu akasema ana usingizi, nikamkataza, nikamuuliza maswali ya kijinga, bei ya korosho, majina ya nzi. Akajibu machache. Halafu akawa anapumua tu. Halafu hakupumua, na mvua ilikuwa bado inanyesha, na mimi niliendelea kumuuliza.

Nilikuja kujua baadaye walikokuwa wenzangu. Mama mwenye hoteli pale kijijini chini ndiye aliyeniambia. Walifika wamelowa, wakaagiza chai ya maziwa. Akawauliza, mko watatu? Mwenye bucha akasema wengine wako nyuma, wa nne anaijua njia. Mvua ilipokata wakaagiza tena. Mwenye hoteli ndiye aliyewaita wanaume wa kijiji, nao wakachukua ngazi ya kubebea mgonjwa na mablanketi wakapanda. Walitufikia jua linazama. Aliyeshika ngazi mbele ni mtu ambaye sijawahi kumwona maishani.

Waislamu wenzake wa mjini walimwosha wakamzika hapahapa Tarime, maana Masasi ni safari ya siku mbili kwa basi na maiti haingoji. Kaka yake alifika siku ya tatu. Alikuta udongo. Kila alichoweza kujua kuhusu mdogo wake ilibidi akipate kwetu.

Tulikaa naye kwenye chumba alichokuwa amepanga daktari. Kabla hatujaingia mwenye bucha alitusimamisha mlangoni. "Msimwongezee mtu uchungu," akasema. Ukilisikia hivyo utafikiri ni huruma. Tukaingia kwa mpangilio, tukakaa kwa mpangilio.

Mwenye bucha akasema: "Aliteleza akagonga kichwa. Palepale. Hakuteseka."

Wa saruji akasema palepale. Dereva akasema hata hakulia. Yule kaka akanigeukia mimi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole, macho mekundu kwa vumbi la safari.

"Wewe ndiye rafiki yake wa mashine. Alikuwa anatusimulia. Ni hivyo?"

Nikasema: "Ni hivyo."

Nimewalaumu wale watatu miaka hii yote, na bado nawalaumu. Mwenye bucha alichagua njia na alikunywa chai. Wa saruji alicheka. Dereva alinisikia, akageuza shingo na akaenda. Sitamfutia lawama hata mmoja. Lakini wao walimwacha mtu wasiyemjua sana. Mimi nilimwacha wangu, na baadaye nikaziondoa zile saa mbili kwenye maelezo, nikazikalia kama hazikuwepo.

Nimeacha kwenda kwenye shughuli za rika. Wananiambia wakikaa wanaacha nafasi yangu wazi, baada ya dereva, hakuna anayeruhusiwa kuikalia. Wanadhani wananiheshimu. Nasaga mahindi, nafunga mlango, napika, nalala.

Yule kaka akawa ananipigia simu kila Idi. Ananishukuru. Ananishukuru kwa kuwa mtu mwema kwa mdogo wake ugenini. Idi ya kwanza nikasema amina. Idi ya pili nikasema amina. Idi ya tatu akaniambia mama yao amelala kitandani, hali si nzuri.

"Kila siku ananiuliza jambo moja tu," akasema. "Kama mtoto aliita mtu. Namwambia hakupata nafasi ya kuita. Niendelee kumwambia hivyo, sivyo?"

Nilikuwa nimesimama nje ya mashine, peke yangu. Safari hii hakukuwa na mtu wa kusema kabla yangu.

"Aliita," nikasema.

"Alimwita nani?"

"Mimi. Aliita mara tatu. Nilirudi ya tatu."

Nikamweleza yote, njia, mvua, fimbo, shati, dada anayeolewa, kiwanja, na maneno aliyomwachia mama yake, kwamba hakulala na njaa.

"Saa mbili," akasema mwishoni.

"Kama saa mbili."

"Na mlinikalisha pale wanne mkaniambia palepale."

"Tulikwambia palepale."

Nyuma yake nilisikia mtu anakohoa, kikohozi cha mtu mzima aliyelala. Nilingoja anitukane. Nilikuwa tayari, nafikiri hata nilitaka.

"Ngoja nikakae na mama," akasema. "Hayo ya njaa nitamwambia leo. Hayo ya kuita, sijui."

Akakata. Idi iliyofuata hakupiga, na hii iliyopita juzi hakupiga. Sijui kama mama yule yu hai. Sijui aliambiwa lipi.