Mama Hesabu na Vitanda vya Kambi ya Gesi

Kila mwaka Mama Hesabu huzunguka kambi za mafuta na gesi za mkoa mzima, fomu kwapani, kuandika ni watu wangapi wanapata riziki yao humo. Jina hilo alibandikwa na majirani, maana hata ibadani huhesabu viti kabla hajakaa. Ni mjane, na kazi hiyo ndiyo iliyomsomeshea watoto.

Mwaka huu, wiki moja baada ya kupeleka fomu zake, mkuu wa takwimu alimpigia simu, sauti kavu.

"Mama, kambi ya visima umeandika watu sitini na wanne. Kampuni inasema mia moja ishirini na nane. Wengine umewaficha wapi?"

"Sijaficha mtu, baba. Nilihesabu vitanda kwa macho yangu, kimoja kimoja."

"Basi rudi. Ukikosea tena, kazi nampa mwingine."

Akashika njia, akimwomba Mungu amsitiri. Kambini alimkuta wifi yake, dobi wa pale, anaanika maovaroli. Alipomweleza, wifi akaangua kicheko mpaka vibanio vikamdondoka.

"Vitanda! Wewe wifi wewe! Hapa kila kitanda kina wenyewe wawili. Huyu anachimba wiki mbili, mwenzake yuko kwao na mkewe, kisha wanapokezana. Shuka nafua mimi, utaniambia nini?"

"Yarabi! Sasa nicheke au nilie?"

"Cheka, halafu nifuate."

Akamwingiza stoo. Kila mfanyakazi alikuwa na mfuko wake wa nguo wenye namba, hata aliye likizo. Wakahesabu: mia moja thelathini na moja! Mama Hesabu hakukimbilia kalamu. Mwenda pole hajikwai. Alikwenda kwa msimamizi wa zamu, wakalinganisha namba na majina. Wale watatu wa ziada walikuwa mafundi wa pampu walioanza kazi mwezi ule, bado wakilala kijijini. Ofisi ya kampuni ilikuwa haijawaingiza kwenye orodha yake.

"Na mimi je?" wifi akadakia. "Miaka minane nanuka gesi!"

"Wewe umeajiriwa na watu wa usafi. Uko fomu nyingine."

"Haya, nifute tu. Ndivyo mawifi walivyo!"

Mkuu wa takwimu alipoyaona majina, alimpigia tena simu.

"Kumbe hesabu ya kampuni yenyewe ndiyo iliyopungua. Samahani sana, mama. Mwakani uende tena, ila kwanza unifundishie makarani wapya."

"Mungu akinipa uzima, nitawafundisha," akajibu, tabasamu limemjaa. "Na somo la kwanza nitawapeleka kwa dobi."