Monsieur Mwajuma

Kompyuta ilipoanza kuandika bili za maji kwa Kifaransa ofisini kwetu, mpimaji wa programu nilikuwa mimi. Mkuu aliniagiza nichanganye bili, nichomoe chache bila kuchagua, nizikague. Mvivu mie nikachukua za juujuu: wenye maduka wa mjini, wanaume watupu. Zilikuwa safi, nikazituma zote.

Juzi mama yangu, fundi cherehani wa mtaa wa Kimisagara, aliingia ofisini kwa kitenge kipya, bili yake kaishika kama cheti. Kifaransa hakijui.

Mkuu akaipokea, akasoma: "Monsieur Mwajuma." Akamtazama mama, akatugeukia, akafoka kwa Kifaransa: "Wanawake wote mmewafanya wanaume!" Kisha kwa Kiswahili: "Programu hii aliipima nani?"

Nikainama chini ya meza. Mama akanishika mkono, akauinua juu.

"Ni huyu hapa, mtoto yangu!"