Fidla Nne na Gramafoni ya Padri

Watu wakiniuliza kama ni kweli ujanani nilichaguliwa kuwa mmoja wa watunzi wa yale majuma ya muziki ya Wazungu pale Bukavu, nasema ndiyo, halafu nabadilisha mazungumzo. Wanadhani ni unyenyekevu. Ni hasira. Imezeeka pamoja nami na bado haijapoa.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji, ingawa wakati ule hakuna aliyetuambia kuwa ni ya mwisho. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwenye misheni ya upande wa Nyantende, kilima nilikozaliwa, na Jumapili nilipiga kinanda na kuongoza kwaya. Nota nilifundishwa na Padri mkuu wa misheni, mtu mwema, mpenda muziki, mwoga wa ugomvi. Nilianza kwa kunakili nyimbo za Kilatini, nikaishia kuandika zangu. Nilijiona hodari, na kusema kweli nilikuwa hodari.

Fidla sikuwahi kuiona kwa macho. Niliijua kwa gramafoni ya Padri tu. Jumapili baada ya misa aliitoa barazani, watu wote wa kilima wakakaa kwenye majani kusikiliza, akina mama wakinyonyesha, wazee wakisinzia. Gramafoni ile ilikuwa na ugonjwa wake. Kamani yake, ule utepe wa chuma unaojikunja ukitia ufunguo, iliwahi kukatika, na fundi mmoja wa mtaa wa Nyawera, mjini, akaiunga ikabaki fupi. Nguvu yake haikufika mwisho wa santuri. Padri naye alikataza mtu kuuzungusha ufunguo katikati ya muziki, maana ikikatika tena ndiyo basi. Kwa hiyo kila santuri ilianza vizuri, ikaenda vizuri, kisha kuelekea mwisho fidla zikaanza kulegea, sauti ikashuka, ikashuka, ikawa mgumio, ikanyamaza. Padri alikuwa amekwisha zoea, hakusema kitu. Na mimi, kitu ninachokisikia kila Jumapili tangu utotoni, kwa nini nikiite kosa? Nilidhani muziki wa fidla ndivyo unavyomalizika.

Basi nilipoandika utunzi wangu wa fidla nne niliufuata utaratibu huo kwa uaminifu. Mwishoni niliwaandikia wapigaji washuke polepole wote kwa pamoja, waburute vidole mpaka sauti izame. Nilijitahidi sana na ukurasa ule. Nilitaka Wazungu waone kuwa najua adabu ya muziki wao.

Lakini moyo wa utunzi ulikuwa katikati. Pale niliweka wimbo wa akina mama wa kilima chetu, wa kupalilia maharagwe. Wanawake hujipanga mstari mteremkoni. Wa kwanza huanza wimbo, akifika sehemu ya pili jirani yake naye anaanza mwanzo, halafu wa tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho wa mstari. Wanaimba wimbo mmoja lakini kila mtu yuko mahali pake, na sababu ni ya kazi tu: hawavuti pumzi pamoja, kwa hiyo wimbo haukatiki na majembe hayasimami. Mama yangu ndiye aliyekuwa akianza. Nilichukua sauti zile nikazigawia fidla nne, kila moja ikiingia kwa zamu, na sijawahi kuandika kitu kizuri kuliko kile.

Kiangazi kile Wazungu wa mjini walileta wanamuziki kutoka Ulaya, wakapiga kambi majuma kadhaa katika jumba moja kando ya ziwa. Ikaamuliwa kuwa safari hii waalikwe pia watunzi vijana wa kienyeji. Kila mmoja angeleta utunzi, angefundishwa, na siku ya mwisho utunzi wake ungepigwa mbele ya watu. Padri alituma wangu. Tulichaguliwa watatu: mimi, mseminari mmoja mkimya, na karani mmoja wa Uvira aliyependa mzaha kuliko muziki.

Nilipanda kilima kwenda kumwambia mama. Nikamwambia ule wimbo wenu wa maharagwe utapigwa na Wazungu, kwa fidla, mbele ya watu wakubwa. Akacheka mpaka akaweka jembe chini. Kufika jioni kilima kizima kilikuwa kinajua, na akina mama wa mstari wake walikuwa wamekwisha panga vitenge vya kuvaa siku hiyo. Sasa nilikuwa na deni la maneno, na lilinifurahisha.

Siku ya kwanza pale jumbani wale wanamuziki wanne walitupigia kitu cha kutukaribisha. Moyo uliruka. Nilikijua! Kilikuwa kwenye santuri ya Padri. Nilifuata kila nota, nikajiandaa kwa mwisho, nikangoja fidla zilegee. Hazikulegea. Zilifika mwisho zimesimama wima, zikakata, watu wakapiga makofi. Nikageuka kumtazama Padri aliyekuwa amekuja kunisindikiza. Naye alinitazama, akawa mwekundu mpaka masikioni. Alikuwa ameelewa, na mimi nilikuwa nimeelewa. Niliona aibu jasho likanitoka, lakini aibu hiyo niliimudu. Kosa ni kosa, linasahihishwa. Nilikaa na karatasi zangu mchana huo huo, nikaandika mwisho mpya, mfupi na safi.

Asubuhi yake nilimpelekea kiongozi wao. Tulimwita Bwana Profesa. Alikuwa mrefu, mpole, na upole wake ndio ulionichosha. Alishika ukurasa mpya, akausoma, akaurudisha.

"Huu hapana," akasema kwa Kifaransa. "Ule wa kwanza ni wa ajabu. Sijapata kuusikia popote. Kwa nini unauondoa?"

Nikamweleza. Nilimweleza wazi, kwa Kifaransa cha shule ambacho hakikuwa na doa: gramafoni, kamani, fundi wa Nyawera. Alinisikiliza akitabasamu, kisha akaniwekea mkono begani.

"Rafiki yangu, usiionee haya damu yako. Hiyo ni sauti ya Afrika inayozama jioni. Wewe mwenyewe hujui ulichoandika."

Mimi sijui nilichoandika! Nilimgeukia Padri, ambaye alikuwa bado hajarudi misheni. Gramafoni ilikuwa yake, kwake kule barazani, angesema neno moja tu yakaisha. Lakini alikuwa amewasifia Wazungu wenzake kipaji cha mwanafunzi wake, akaona tabu kusema kuwa kipaji kimetoka kwenye chuma kibovu. Akatazama ziwa. Akasema siku hizi maji yametulia sana.

Jambo la pili liliniuma zaidi. Profesa alifungua kurasa za katikati, akapitisha penseli ya rangi juu yake, kona hadi kona.

"Hapa umetuiga sisi," akasema. "Sauti moja inaingia, nyingine inaifuata. Hayo tunafanya kwetu miaka mingi, na tunafanya vizuri zaidi. Hatuhitaji uturudishie."

Nikamwambia huo ni wimbo wa mama yangu. Nikamwambia aje Nyantende asikie mwenyewe, si mbali, na gari analo. Akasema bila shaka mapadri ndio waliowafundisha akina mama. Mapadri! Mama yangu alikuwa akianza wimbo ule kabla hajabatizwa. Nilitaka kumnyang'anya ile penseli nikaitupe ziwani. Badala yake nikasema, "Ndiyo, Bwana Profesa."

Zikafuata siku za mazoezi. Nilikaa kwenye kiti nyuma ya wanamuziki, nikawasikia watu wazima wanne, waliovuka bahari na vyombo vyao vya thamani, wakijifunza kuiga gramafoni mbovu. Profesa hakuridhika. "Chini zaidi! Mzame!" Yule wa fidla kubwa, ile inayoshikwa katikati ya magoti, aliburuta kidole mpaka ukamtoka mguno wenyewe kabisa wa barazani kwa Padri, hata ile kwaruzo ya mwisho. Profesa akafumba macho kwa utamu. Mimi nilisaga meno.

Karani wa Uvira alinikuta nje kwenye ngazi nimejikunyata.

"Mwalimu, weye unapigana na nani?" akasema. "Miye walitaka ngoma, nikaweka ngoma. Sasa niko nakunywa chai na maziwa."

"Wimbo wa mama yangu wameukata."

"Na miye mambo mingi walikata. Kunywa chai."

Nikainywa, na ilikuwa nzuri kweli.

Ningeweza kuondoa utunzi wangu nikarudi zangu kilimani. Nililifikiria sana. Lakini mama alikuwa anakuja, na wenzake, na vitenge. Basi nikamwendea Profesa mara ya mwisho, nikajishusha. Nikamwambia aache ule mwisho kama anavyoupenda, sitabisha tena, ila apige pia na wimbo wa katikati, hata nusu yake. Alifikiri, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema, "Tutaona." Nililibeba neno hilo siku zote zilizobaki. Mtu mwenye njaa hachagui, akiambiwa tutaona anasikia ndiyo.

Tamasha liliwekwa alasiri, maana sisi weusi usiku hatukuruhusiwa kutembea mji wa Wazungu bila karatasi. Akina mama waliondoka kilimani alfajiri kwa miguu. Walifika wamejaa vumbi, wakanawa bombani, wakajifunga vitenge vipya, wakapewa benchi la nyuma karibu na mlango. Mama alinyoosha shingo akiwatazama wapigaji. Niliona midomo yake inacheza. Alikuwa anajikumbusha mwanzo wa wimbo, ili aweze kuufuata.

Wa kwanza alikuwa mseminari, makofi. Wa pili karani na ngoma yake, makofi makubwa. Kisha Profesa akasimama akawaeleza watu habari za Afrika kwa muda mrefu, akanitaja kwa ishara ya mkono, akaketi. Fidla zikaanza. Mwanzo wangu ulikuwa mzuri, huo hawakuugusa. Nikaanza kuhesabu kuelekea katikati. Sasa ingeingia fidla ya kwanza peke yake, kama mama mteremkoni. Vidole vyangu vilishika benchi.

Wapigaji walifunua kurasa mbili kwa pamoja.

Wakaanza kuzama. Walizama vizuri, siwezi kuwadhulumu, walizama mpaka mama mmoja wa Kizungu mbele akatoa kitambaa. Fidla kubwa ikaguma, ikakwaruza, ikanyamaza. Ukumbi mzima ukasimama. Sijapata tena maishani mwangu kupigiwa makofi kama yale, na yote yalinipita kando.

Nilikwenda nyuma kwa akina mama. Walikuwa bado wamekaa, mikono mapajani, wakingoja kwa adabu.

"Na ya kwako, watapiga saa ngapi?" mama akauliza.

"Njo ile ya kwangu, maman. Wamekwisha kupiga."

"Apana." Akanitazama kama mtu anayedanganywa. "Ile iko gramafoni ya Padiri, wakati nguvu inaishaka. Wimbo yetu iko wapi?"

Wenzake wakaitikia, ndiyo, ni gramafoni, sisi sote tunaijua. Wakati huo huo Profesa akafika akiwa na Padri, uso unang'aa, akamshika mama mikono yote miwili. Akauliza mama amesema nini. Padri akafungua kinywa, akakohoa, akasema kwa Kifaransa kwamba mama anaona fahari juu ya mwanawe.

Hapo nikachoka na kila mtu. Nikasema kwa Kifaransa, polepole, kwa sauti ya kusikika ukumbini: "Hapana. Mama yangu amesema hivi: hiyo ni gramafoni inayoishiwa nguvu."

Padri aliinamisha kichwa. Nilingoja. Nilitaka nione uso wa Profesa ukibadilika, nipate angalau hilo. Ukabadilika kweli. Macho yakamlowa.

"Gramafoni inayoishiwa nguvu," akarudia taratibu. Akamgeukia yule mama wa Kizungu mwenye kitambaa. "Umesikia? Mwanamke ambaye hajasoma! Hawa watu wanazaliwa washairi." Akamwinamia mama kama anavyoinamiwa malkia, akaenda kuwasimulia wengine.

Mama alimtazama akiondoka. Kisha akanivuta mkono.

"Bwana anasema nini?"

"Anasema umesema muzuri."

"Basi wataitengeneza?"

"Apana, maman," nikamwambia. "Anaipenda vile iko."